Kuchagua Kinga ya Masikio: Kwa Anayelenga Shabaha na kwa Fundi wa Mashine

Mkazi wa Wazo huishi katikati ya milio mingi. Kuna mlima wa chokaa unaochimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Kuna malori yanayopanda na kushuka Barabara ya Bagamoyo, grenda za wachomelea mageti pale Tegeta, mashine za kufyatulia matofali, na usiku spika za kumbi za sherehe. Hali haitofautiani sana upande wa pili wa jiji, Temeke, ambako maseremala wa Keko hushinda kutwa nzima kando ya randa za umeme na misumeno ya duara. Hata hivyo, katika milio hiyo yote hakuna unaolingana na ule wa silaha ya moto inayofyatuliwa kando ya sikio. Ndiyo maana makala haya yanaanza na bunduki. Mlaji anayejua kuchagua kinga inayofaa kwa mlio wa risasi hatababaishwa na muuzaji anapotaka kinga ya kutumia na grenda.

Mwandishi wa makala haya ana baba yake mkubwa aliyekuwa mlinzi wa shamba kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori na nyani kwa bunduki ya marisau, na hakuwahi kupewa hata kizibo kimoja cha sikio, wala yeye hakuwahi kudai. Leo simu huisikiliza kwa sikio la kulia tu. Akiongeleshwa na watu wawili kwa pamoja hutabasamu na kuitikia kwa kichwa bila kujua alichoulizwa. Wajukuu walipokuwa wadogo walidhani babu amewanunia. Familia ilichukua muda mrefu kutambua kwamba hakuwa na dharau wala usahaulifu, bali ni sikio lililokwisha kuharibika kabla hajafikisha umri wa kustaafu.

Kwa nini sikio la kushoto ndilo lililoumia zaidi? Mtu atumiaye mkono wa kulia huweka kitako cha bunduki ndefu kwenye bega la kulia na kuinamishia shavu lake hapo. Katika mkao huo sikio la kushoto huelekea mdomo wa mtutu, ilhali lile la kulia hujificha nyuma ya kichwa chenyewe. Madaktari wa masikio hukutana na tofauti hii kwa wawindaji na askari mahali pengi duniani. Kwa atumiaye mkono wa kushoto mambo hugeuka.

Mlio wa risasi unavyoumiza

Ndani kabisa ya sikio kuna kijifuko chenye umbo kama la konokono, kilichojaa majimaji, na humo zimepangwa seli zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikiingia, majimaji hutikisika, vinyweleo huinama, na ubongo hupata habari. Sauti ikizidi nguvu, vinyweleo hulala au kukatika. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Kwa sababu hiyo mtu haanzi kwa kuwa kiziwi. Anaanza kwa kuyasikia maneno bila kuyatofautisha. Herufi kama s, f, sh na ch hubebwa na sauti nyembamba. Zikififia, "fika" na "shika" huwa neno moja, na "saa" haijulikani kama ni "faa". Mhusika hulalamika kwamba vijana wa siku hizi wanamumunya maneno. Wengine husumbuliwa na mvumo usiokoma, kama nyenje au filimbi ya mbali, ambao huwa mkali zaidi usiku nyumba inapotulia.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakipandi kama kilo za unga. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati inayoingia sikioni huwa mara mbili ya ile ya awali. Kwa kelele za mfululizo, wataalamu wengi wa afya ya kazi hushauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kwenye 88 muda huo hupungua hadi saa 4, kwenye 94 hubaki saa 1, na kwenye 100 ni dakika 15 tu. Grenda inayokata chuma hufika 100 bila taabu. Fundi anayemaliza geti moja kwa asubuhi nzima hutumia mgawo wake wa siku kabla chai ya saa nne haijaletwa.

Risasi ni habari nyingine kabisa. Mlio wake hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini kilele chake huruka juu mno. Bunduki ndogo ya kalibi .22, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, hufika takriban desibeli 140. Bastola ya milimita 9, bunduki za marisau na zile za kuwindia wanyama wakubwa huwa kati ya 150 na 170, kutegemea urefu wa mtutu na aina ya risasi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba sikio la mtu mzima lisikutane kamwe na mlio wa ghafla unaozidi kilele cha desibeli 140, na la mtoto lisizidi 120. Maana yake ni kwamba risasi moja tu, pasipo kinga, inatosha kuacha jeraha la kudumu. Sikio lina msuli mdogo unaojikaza kulilinda dhidi ya sauti kubwa, lakini msuli huo huchelewa. Risasi huwa imekwisha kupita.

Watu wawili husahauliwa kila mara. Wa kwanza ni aliyesimama kando ya mfyatuaji. Baadhi ya bunduki zina kifaa mwishoni mwa mtutu kinachopunguza msukumo kwa kutoa hewa pembeni, na kifaa hicho humpelekea jirani mlio mkali kuliko anaoupata mwenye bunduki. Wa pili ni mtoto aliyeletwa kutazama. Uwanja wa shabaha wenye paa la mabati na kuta za zege huongeza madhara kwa wote, kwa kuwa mlio hugonga ukuta na kurudi. Penye uwanja wa wazi na wa ndani, ule wa wazi ni nafuu kwa masikio, ingawa nafuu hiyo haimwondolei mtu haja ya kinga.

Vizibo na vifuniko

Madukani kinga za masikio ni za namna mbili kuu. Kuna vizibo, vinavyoingia ndani ya tundu la sikio, na kuna vifuniko, vile vikombe viwili vilivyounganishwa kwa upinde unaopita juu ya kichwa.

Vizibo vya sponji ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote, na vikivaliwa sawasawa huzuia sauti nyingi ajabu. Udhaifu wake ni kwamba lazima viviringishwe kwa vidole, na vidole vya fundi aliye kazini si visafi. Kwa anayefanya kazi kwenye vumbi la saruji au la mawe jambo hili si dogo: vumbi lile huchubua ngozi laini ya tundu la sikio na kukaribisha uambukizo. Vipo pia vizibo vya mpira vyenye umbo la uyoga, ambavyo havihitaji kuviringishwa na vinaoshwa kwa maji na sabuni, ila havikai sawa katika kila sikio. Kwa mwenye mikono michafu muda wote, chaguo jema ni vifuniko, au vile vizibo vilivyofungwa kwenye upinde ambavyo mtu hushika upinde bila kugusa sponji.

Vifuniko ni rahisi kuvaa, na msimamizi huona kwa mbali ni nani amevaa na nani hajavaa. Adui zake ni joto la Dar es Salaam na chochote kinachopita kati ya mto wa kifuniko na ngozi. Mikono ya miwani, nywele za rasta, kilemba, ushungi na kofia ya kufuma huacha mwanya, na sauti hupita kwenye mwanya kama maji. Mwanamke avaaye hijabu anaweza kuweka vifuniko moja kwa moja juu ya ngozi, kisha hijabu ikafuata juu yake, au akatumia vizibo. Mvaa miwani atafute yenye mikono myembamba. Ushauri huu unawahusu hasa walenga shabaha, kwa kuwa miwani ya kujikinga macho ni ya lazima pale uwanjani, na mtu hawezi kuivua ili kifuniko kikae vizuri.

Vipo vifuniko vya kielektroniki. Ndani yake kuna maikrofoni ndogo inayopitisha mazungumzo ya kawaida na kujifunga mara mlio mkubwa unapotokea. Bei yake ni kubwa, lakini kwenye uwanja wa shabaha vina faida ambayo si ya anasa: mlengaji husikia amri ya msimamizi ya kusitisha. Aliyeziba masikio kiasi cha kutosikia amri hiyo ni hatari kwa wenzake. Betri ikiisha, vikombe huendelea kuzuia sauti kama vifuniko vya kawaida, hivyo mlaji asiogope kwamba kinga itatoweka ghafla. Kwa wawindaji wenye leseni, ambao wanahitaji kusikia hatua za mnyama, kuna pia vizibo vyenye tundu dogo sana linaloruhusu sauti ndogo kupita na kukwamisha mshindo mkubwa. Vizibo hivi havifai kwa grenda, kwa sababu kelele ya mfululizo hupenya tunduni humo.

Sasa vitu ambavyo si kinga. Pamba ya dukani hupunguza desibeli chache tu, hata ikishindiliwa. Karatasi ya tishu na kichungi cha sigara ni ndugu zake. Visikizi vya simu, hata vile vya gharama vinavyotangazwa kwamba huondoa kelele za nje, vimetengenezwa kwa ajili ya muziki. Isipokuwa mtengenezaji ameandika kiwango cha kinga kilichopimwa, visihesabiwe. Tena yupo fundi anayepandisha muziki ili kuishinda grenda. Huyo anajiongezea kelele juu ya kelele.

Namba iliyo kwenye pakiti

Pakiti ya kweli ya kinga ya masikio huwa na namba. Bidhaa zilizopimwa kwa utaratibu wa Marekani huandikwa NRR, na zile za Ulaya huandikwa SNR pamoja na kiwango EN 352. Zote mbili hueleza kwa desibeli ni kiasi gani cha sauti kilizuiwa katika maabara. Mlaji asilinganishe NRR ya pakiti moja na SNR ya nyingine, kwa kuwa kifaa kilekile aghalabu hupata namba kubwa zaidi kikipimwa kwa utaratibu wa Ulaya.

Neno la kuzingatia ni maabara. Watu waliovaa vifaa hivyo wakati wa kupimwa walivaa kwa utulivu, wala hawakuwa na jasho wala haraka. Mtu wa kawaida hapati kinga hiyo yote. Ipo hesabu ya tahadhari inayotumiwa sana: chukua NRR, toa 7, kisha gawa kwa 2. Kizibo chenye NRR 29 hutoa 22, na nusu yake ni 11. Grenda ya desibeli 100 hushuka hadi 89 sikioni, na muda wa kufanya kazi kwa usalama hupanda kutoka dakika 15 hadi takriban saa 3. Hii ni faida kubwa, lakini haimruhusu fundi kushinda hapo tangu asubuhi mpaka magharibi. Akivaa vizuri zaidi kuliko wastani wa watu, hupata zaidi ya hapo.

Namba hizi zilipatikana kwa kelele za mfululizo, hazikupatikana kwa mlio wa risasi. Kwa hiyo mlengaji asichukue desibeli 160 akatoa 29 na kujihesabia usalama. Kwa silaha za moto ushauri wa wataalamu ni kuvaa kinga mbili kwa pamoja, yaani vizibo ndani na vifuniko juu yake. Muuzaji akikwambia kwamba vizibo vya 29 na vifuniko vya 25 vinakupa 54, ujue amekosea hesabu. Kwa kawaida kinga ya pili huongeza takriban desibeli 5 tu juu ya ile iliyo kubwa zaidi, kwa sababu sauti nyingine husafiri kupitia mifupa ya fuvu na hakuna kizibo kinachoizuia. Hizo 5 si haba. Zaidi ya hayo, kinga ya pili husimama pale ya kwanza inapoteleza, na kwenye uwanja wa shabaha kuteleza kwa sekunde moja kunatosha.

Nini basi kinamfaa nani? Kwa bastola, bunduki ya marisau na bunduki za kuwindia, vaa zote mbili kila mara, na zaidi ikiwa uwanja umeezekwa. Kwa .22 kwenye uwanja wa wazi, kinga moja nzuri iliyovaliwa barabara inaweza kutosha, ilimradi jirani yako hafyatui kitu kikubwa zaidi. Kwa grenda, msumeno na mashine ya kukoboa, chagua moja unayoweza kuivumilia kwa saa nyingi. Kinga ya namba ndogo isiyovuliwa kutwa hushinda ya namba kubwa inayovuliwa kila baada ya dakika kumi.

Kuvaa ndiko kunakoshinda

Vizibo vingi vinavyolaumiwa kuwa havina kazi vilivaliwa vibaya. Nawa mikono. Viringisha sponji polepole mpaka iwe nyembamba kama njiti nene, bila makunyanzi. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya sikio na uivute juu na nyuma. Tendo hilo hunyoosha tundu la sikio, ambalo kwa asili limepinda. Ingiza kizibo, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kitanuke, sekunde 20 hadi 30. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, na kizibo hutanuka kikiwa nusu nje.

Kujipima ni rahisi. Jitazame kwenye kioo cha pikipiki: kama kizibo kinaonekana kimechomoza ukijitazama usoni, hakijaingia. Kisha penye kelele funika masikio kwa viganja. Kama kelele inapungua sana ulipofunika, kizibo hakijaziba. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito, kana kwamba unaongea ndani ya pipa, umevaa vyema.

Anayetokwa usaha sikioni asivae vizibo mpaka atibiwe; atumie vifuniko. Nta nyingi husukumwa ndani na kizibo, lakini haichokonolewi kwa njiti ya kiberiti wala ufunguo wa gari. Zahanati huiondoa kwa muda mfupi. Vizibo vya sponji visirudiwe baada ya kuchafuka, na visiazimwe hata kwa ndugu. Mito ya vifuniko hukauka na kupasuka kwa jasho na jua, hasa vikiachwa kwenye dashibodi ya gari. Ikipasuka, kinga imekwisha hata kama upinde ungali imara. Baadhi ya watengenezaji huuza mito ya kubadilishia, na ni vema kuulizia hilo kabla ya kulipa.

Mbele ya muuzaji

Silaha humilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, lakini kinga ya masikio huuzwa mahali popote: hadiwea za Tegeta, maduka ya vifaa vya usalama ya Kariakoo, hata mezani kando ya barabara. Uhuru huo una faida na hasara. Katika maduka machache aliyopita mwandishi, vizibo vilikuwa vimemiminwa ndani ya mtungi wa peremende na kuuzwa kwa jozi. Huenda vilikuwa vizuri. Mnunuzi hana njia ya kujua, kwa sababu pakiti yenye namba, jina la mtengenezaji na maelekezo ilikwisha kutupwa.

Kwa hiyo omba pakiti iliyofungwa. Soma NRR au SNR, kiwango kilichotumika kupimia, na jina la aliyetengeneza. Shuku pakiti inayojisifu kwa maneno makubwa bila kutaja desibeli, na shuku zaidi inayotaja namba isiyowezekana, kama 50 kwa kifaa kimoja. Bonyeza sponji: iliyo nzuri hurudi polepole katika umbo lake, ile inayoruka mara moja au kubaki imebonyea haifai. Kwa vifuniko, vivae palepale dukani, tikisa kichwa, inama kana kwamba unaokota kitu, na fumba macho usikie kama upande mmoja unavuja. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu ana sababu yake.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Bidhaa ikithibitika kuwa bandia au maelezo yake kuwa ya uongo, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo humlinda mlaji dhidi ya udanganyifu katika biashara. Masuala ya ubora na viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Katika ofisi zote mbili jambo la kwanza utakaloulizwa ni ushahidi, nao ni risiti na pakiti. Usiitupe pakiti siku ya kwanza.

Ukiwa kazini

Mlinzi wa kampuni anayefanyishwa mazoezi ya kulenga shabaha, fundi aliyeajiriwa na mwendesha mashine ya kuvunjia mawe hawapaswi kununua kinga kwa fedha zao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na vifaa vya kujikinga ni sehemu ya wajibu huo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wengi wanaufahamu kama OSHA, hukagua na kupokea taarifa. Aliyepoteza usikivu kutokana na kazi anaweza kuwasilisha dai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dai hilo hupata nguvu kama kuna kipimo cha usikivu kilichofanyika mwanzoni mwa ajira, maana ndicho kinachoonyesha mtu alianza na masikio ya namna gani. Baba mkubwa aliyetajwa hapo juu hana kipimo kama hicho, na hakuna anayeweza leo kuthibitisha kwa karatasi kwamba shamba lilimkuta akisikia.

Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumdai, lakini naye ana vijana wanaojifunza kazi kwake. Kijana wa miaka 16 aliyechuchumaa kushikilia bomba wakati bosi anakata hukaa karibu na grenda sawasawa na bosi. Naye apewe kinga.

Mara baada ya mlio

Masikio yakivuma au kuwa mazito baada ya kufyatua risasi au baada ya siku ya kazi, hilo ni jeraha. Wengi hulala, huamka yamefunguka, wakasema yamepona. Huenda yamepona kwa sehemu tu. Toka kwenye kelele, na usirudi siku hiyo. Usikivu ukibaki umefifia hadi kesho yake, au ukipotea ghafla upande mmoja, usisubiri wiki. Nenda hospitali ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa baadhi ya majeraha ya ghafla hutibika vizuri zaidi yakiwahiwa. Usitie mafuta ya moto wala matone uliyopewa na jirani.

Kwa mkazi wa Kinondoni pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na kwa wa Temeke ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Penye haja mgonjwa hupewa rufaa ya kwenda Muhimbili, ambako tangu mwaka 2017 wataalamu hupandikiza hata vifaa vya usikivu kwa waliozaliwa viziwi. Kipimo chenyewe hakiumi. Mpimwaji huketi ndani ya chumba kisichopitisha sauti, akiwa amevaa visikizi, na hubonyeza kitufe kila asikiapo mlio mdogo. Ukienda, usiwe umetoka kwenye grenda asubuhi hiyo. Masikio yapumzike kwanza kwa usiku mzima, na mweleze mpimaji kazi unayofanya, silaha unayotumia na bega unaloegemezea kitako.